Gari Lisilosikika

Ifakara, Jumamosi

Miezi minne nimelingoja gari la umeme na sikuliwaza hili: Mama, tangu apoteze macho, hunijua kwa mngurumo wa gari langu la zamani. Leo nimelipokea, nikaenda moja kwa moja kwake Katindiuka. Nimesimama nalo mlangoni pake, hakugeuka.

“Shikamoo, Mama.”

Akashtuka. “Marahaba. Umekuja kwa miguu? Ule mkweche umekufa?”

Nikampakia. Tukateleza kwenye lami kando ya mpunga, kama mtumbwi unaochukuliwa na maji.

“Washa basi, twende.”

“Tumeshapita kanisani, Mama.”

Akatoa mkono dirishani, akaukuta upepo. Akacheka, kisha akaurudisha mkono ndani.

“La zamani nililisikia tangu mbali,” akasema. “Nilipata muda wa kufurahi kabla hujafika.”

Nimemwahidi kupiga honi kuanzia njia panda.