Ule Haukuwa Utani, Kaka

Kaka yangu Athumani,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu na mama alitulea hivyo, lakini usisome salamu ukadhani nimetulia. Barua hii sikuifunga. Nimeiacha wazi makusudi, na nimemwomba kila atakayeishika aisome kabla ya kuipeleka mbele, maana sijui uko wapi. Wengine wanasema uko Mombasa, unachezea timu ya bandarini. Wengine wanasema umejificha kwa mjomba huko Mwera. Asiyeweza kukufikishia karatasi atakufikishia habari yake.

Nitaanza na Pangani, kwa sababu ndiko nilikokujua. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika. Ulikuwa ukitoka shule unachukua kipande cha mkaa, unanichorea herufi nyuma ya mlango wa jikoni, nami nazifuatisha kwa kidole, mpaka siku mama alipouona mlango ule akatuchapa sote wawili. Ulicheka huku unalia. Ile kanga yake iliyopotea kambani ulikuwa umeifunga ndani ya mpira wako wa matambara, na mimi nilijua nikanyamaza. Jinsi miguu yako ilivyozidi kusifiwa, ndivyo nami nilivyozidi kupita mtaani kwa maringo. "Ndugu yake Athumani huyo," walisema, na mimi nilipunguza mwendo ili waseme tena.

Hasira zako nazo nilizijua. Ukitania, mtaa mzima hujua, maana huna kifua cha kuweka neno. Ukikasirika kweli unanyamaza. Ile Idi ambayo jogoo alikuponyoka, mwana wa jirani akakucheka, hukumjibu kitu. Ulimwendea taratibu, ukamsukuma kwa mikono miwili kutoka barazani, akavunjika mkono. Mama akawaambia wazee kwamba mlikuwa mnacheza, nawe ukaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikaona midomo ilivyokukauka.

Kisha akaja Rajabu wangu. Alikuja Pangani kupiga picha ya timu yenu kwa ajili ya gazeti, akarudi mara ya pili wakati hapakuwa na mechi yoyote. Siku ya harusi ulimzuia mlangoni, kama ilivyo haki ya shemeji, hukumpisha mpaka akuvulie kofia yake. "Mwanamume gani huyu, kutwa kafumba jicho moja!" ulipaza sauti. Naye akakurudishia, "Afadhali mimi moja, wewe mbele ya goli unafumba yote mawili." Watu walijishika mbavu. Tangu siku ile hamkuonana bila kutupiana maneno. Unaingia kwangu, unamnyang'anya kipande cha samaki sahanini, yeye anakuita mla bure wa mkonge, na mnakula pamoja. Nilikuwa nawasikiliza kutoka jikoni nikijiona mwanamke mwenye bahati.

Kuhusu mla bure hakukosea sana, nawe ulilijua hilo. Watu wa shamba la mkonge walikutoa Pangani wakakuleta huku Tanga uchezee timu yao, wakakuandika karani, lakini hakuna aliyewahi kukuona na kalamu. Nyumba ya bati, baiskeli, nyama ya kila Jumapili, vyote vilikuja kwa ajili ya mabao. Na mtu anayelishwa na mabao akikosa, anaogopa. Hilo nalielewa, kaka. Nimejaribu sana kulielewa.

Siku ya fainali ya kombe nilikaa na wanawake wenzangu karibu na kamba, nikimwona Rajabu mbele yangu. Alikuwa amepiga goti nje ya mstari wa chokaa. Nasema nje, kwa sababu baadaye yamesemwa mengine. Ulipiga penalti, mpira ukapaa ukaenda kupotelea minazini. Ukajishika kichwa. Rajabu akakupiga picha, maana ndiyo kazi iliyomleta. Ulisikia mlio wa kamera, ukageuka, ukaona ni nani. Yeye alikuwa amekwisha kuirudisha usoni, anautafuta mpira unaorushwa kutoka nyuma ya goli.

Nilingoja useme neno. Naapa kwa Mungu, nilikuwa nimeanza kutabasamu, nikingoja useme neno, na yeye akujibu. Hukusema. Ulimwendea taratibu, ukamsukuma begani kwa mikono miwili. Akaanguka ubavu, uso juu ya kamera, kioo kikampasukia jichoni.

"Haya shemeji, leo umepatikana!" alipiga kelele mtu nyuma yangu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Refa mwenyewe alicheka. Nani Tanga hii hakuujua utani wenu? Kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumwinua. Nilipofika mimi alikuwa amejiziba jicho kwa kiganja, damu inapita kati ya vidole, na bado anajaribu kucheka ili asikuharibie mchezo. Wewe ulikuwa umekwisha kurudi katikati ya uwanja.

Jioni ile hukuja. Ulimtuma mchezaji mwenzako na salamu: "Mwambieni shemeji aache kudeka, nitamnunulia jicho la nguru sokoni." Rajabu akacheka kwa sauti kubwa, mgeni apate kusikia na kukurudishia. Mgeni alipotoka, aligeukia ukutani. Asubuhi tukaambiwa umeondoka.

Tangu hapo nimepiga hodi kila mlango. Bwana mkubwa wa shamba ameniambia kupitia kwa mkalimani kwamba haya ni mambo ya kifamilia, na kwamba mchezaji si ng'ombe wake hata amfunge kamba. Walipokuwa wakikubeba mabegani baada ya kila ushindi hukuwa wa familia, ulikuwa wao. Refa anasema alikuwa anatazama saa. Watu wa gazeti wanasema hawakumtuma kupiga goti karibu na mstari kiasi kile. Kapteni wako alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, akanipa kiti, akanipa maji, kisha akaniuliza, "Sasa dada, mashemeji wakitaniana, sisi tuingilie wapi?" Nilimwambia ule haukuwa utani. Akaniangalia kana kwamba mimi ni mwanamke anayetaka kuvunja nyumba mbili kwa mpigo.

Hata mama. Alikuja kutoka Pangani, akamwuguza Rajabu kwa mikono yake, kisha akaniita uani. "Nyamaza, mwanangu. Mambo ya mashemeji hayo. Ukiyatoa nje utatuvua nguo." Nilimuuliza kama anakumbuka ule mkono uliovunjika. Akauliza ni vyombo gani vinataka kuoshwa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe, kaka, kwa maana hili ndilo linalonifanya niandike. Daktari wa hospitali ya serikali amesema jicho lile limekufa na lazima litolewe. Likibaki litaliharibu na lile zima. Amesema wazi, mbele yangu na mbele ya Rajabu, kwamba ameona watu walioingia kwake na jicho moja bovu, wakachelewa, wakaongozwa kwa fimbo. Na amesema akilitoa atalazimika kuwaambia polisi lilivyoumia.

Rajabu amekataa. Anasema alijikwaa. Daktari akamwuliza alijikwaa kwenye nini, akajibu, "Kwenye shemeji," akacheka peke yake. Nyumbani nililia nikamshika miguu. Akaniambia, "Mimi simfungi ndugu yako. Mtani hashtakiwi. Nikimshtaki nitaingiaje kwenu Pangani, nitakula kwa nani?" Nikamwambia basi aseme tu kwamba ulimkosea. Hapo ndipo alipokasirika. Unajua mwenyewe kwetu ilivyo: mtani akivuka mpaka, yeye aliyevuka ndiye husema nimevuka. Aliyeumia hasemi. Akisema yeye, ameonekana hana moyo, ameonekana alikuwa anakuchukia siku zote akijifanya anacheka. Kwa hiyo anakaa na jicho lililokufa kichwani mwake, anakungoja wewe useme. Na wewe umenyamaza, kama ulivyonyamaza pale uwanjani.

Lile zima limeanza. Ananificha lakini naona. Dirisha la chumbani amelitundikia kanga yangu kwa sababu mwanga unamchoma. Chai anaimimina nje ya kikombe, kisha anasema kikombe kina ufa. Juzi mchana nilikuwa nimetundika koti lake la kazi kwenye msumari wa mlangoni. Akaamka, akakaa kitandani, uso wake ukafunguka jinsi nilivyokuwa sijauona tangu siku ile. "Ahaa! Umekuja, mla bure!" akaliambia lile koti. "Leo umekuja na mguu gani, ule uliokosa penalti?" Akangoja. Akaongeza, "Kaa basi, shemeji, mbona umesimama? Dada yako atakutilia chai. Sema tu, mimi sina neno."

Nilikuwa nimeshika sinia, nikashindwa hata kuliweka chini. Alingoja muda mrefu, kaka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hataki kusema?" Nikalitoa koti pale msumarini nikamwekea mapajani. Alilipapasa mpaka akakuta vifungo. Hakucheka tena.

Basi ndiyo hivyo. Mtu aliyekuwa akiona mpira hewani kabla haujagusa nyavu sasa hatofautishi koti na mtu. Hana kazi nyingine aijuayo, na mimi simjui Rajabu asiyetazama vitu. Tukitembea alikuwa akinisimamisha njiani, "Angalia kivuli cha ule ukuta," na mimi naona ukuta tu. Usiku na mchana nawaza nitamweleza nini atakapouliza kumekucha au bado.

Nakupenda. Niandike na hilo, kila mtu alisome. Nakupenda tangu mlango ule wa mkaa, na laiti ningekuwa nimekuchukia mapema, leo ingekuwa rahisi. Najua uliogopa. Najua hukutaka lile jicho. Ulitaka tu mtu mmoja aanguke kwa ajili ya penalti yako, na aliyekuwa karibu ni yule usiyelazimika kumwomba radhi. Ungemsukuma mpiga picha mwingine angekurudi, au angekupeleka kwa hakimu. Uliuona utani umewekwa pale kama mlango wa nyuma, ukautumia.

Nilikusubiri. Kila pikipiki iliyopita mtaani nilichungulia. Sasa siwezi tena, kwa sababu daktari amesema zimebaki siku chache sana. Kesho asubuhi nitajifunga buibui langu niende polisi, kisha hospitali. Nitasema ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, alimsukuma mume wangu kwa hasira, na kwamba nilimwona kwa macho yangu na ninazijua hasira zake tangu utotoni. Nikishakutaja, Rajabu hatakuwa na mtu wa kumlinda, na daktari atafanya kazi yake. Ukiweza kufika kabla, pita kwanza nyumbani. Kaa kitandani kwake useme kwa mdomo wako. Atakusamehe kabla hujamaliza, unamjua. Lakini sitakaa mlangoni kukungoja.

Mama atanilaani. Pangani sitakanyaga. Na Rajabu, ambaye kwa ajili yake nafanya haya, ataniambia nimemvunjia heshima mbele ya watu wote. Huenda asinisemeshe. Huenda akanitazama kwa chuki siku zote zilizobaki za maisha yetu.

Na anitazame.

Kwaheri, kaka, popote ulipo. Wakija kukuchukua, ujue ni mimi niliyewatuma.

Dada yako