Siku Baba Alipopotea Msituni

Kaka Royce mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka huku mlimani. Wifi hajambo? Na watoto? Sisi wazima, ila goti la Baba linalalamika kuliko mwenyewe, na unajua hilo si jambo dogo.

Uliuliza kuhusu fungu la msitu. Limefika, lakini limepungua sana. Si unajua karibu ardhi yote ya kaunti yetu ni msitu wa serikali kuu, na serikali hailipi kodi; fungu inalotuma kila mwaka ndilo linaloendesha shule, barabara, na kikosi chetu cha kutafuta waliopotea. Safari hii madiwani wakataka kikosi kivunjwe. Wenzangu wote wanajitolea, mwajiriwa ni mimi peke yangu, kwa hiyo nilishaanza kutafuta kazi huko kwenu Boise. Baba angebaki peke yake, na Mama ndiyo hivyo hatunaye.

Unadhani Baba alinitetea? Tangu serikali ifunge ukataji wa magogo, fungu lao analiita makombo. Akasimama mkutanoni akasema anayepotea katika msitu ule ana macho ya mapambo tu; yeye kaukata maisha yake yote na hajawahi kupotea. Wakampigia makofi! Nilirudi nyumbani nimenuna, na siku hiyo sikumpikia.

Basi kabla ya madiwani kupiga kura, mzee akaenda kuchuma matunda pori, asirudi. Kikosi kizima kikaingia msituni, nasi tukampata jua halijazama. Jirani yetu Lonnie alicheka mpaka akakaa chini, akasema, “Virgil, leo msitu umekukata wewe!”

Kesho yake Baba akasimama tena mbele ya watu walewale, akakiri kwamba alipotea, kichwa kilimzunguka, na bila kikosi dubu wangemla. Ukumbi ulivunjika mbavu. Madiwani wakakiachia kikosi fungu lake bila ubishi. Sasa mji mzima unamwita Dira, na pale mgahawani wanamletea kahawa pamoja na ramani. Yeye anakunywa tu.

Sasa hili libaki kwako. Tuliomfikia kwanza ni mimi na mbwa wangu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kukunja, mahali ambapo magari ya barabarani yanasikika vizuri kabisa. Mkobani alikuwa na mikate miwili iliyojazwa nyama. Mmoja haukuwa na matango ya siki, na nyumbani kwetu asiyekula matango ya siki unamjua. Akaninyooshea huo, akasema, “Umechelewa, mama. Mkate unakauka.”

Nikala huku nalia. Akaniambia nilie upesi, wenzangu wanakuja.

Kwa hiyo Boise siji tena. Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Na ukimpigia Baba simu, mcheke kama wengine wote, asije akajua kwamba unajua.

Dada yako akupendaye,
Marlys