Kilomita za Seif

Jumatano, 3 Septemba
Masufuria yamerudi na ukoko wa pilau. Watu wakishashiba hawakumbuki kuloweka. Nimesugua mpaka vidole vimechubuka. Mwezi wa maulidi ndio mwezi wangu wa kula, na ndio mwezi ambao kirikuu za kukodi za kubebea mizigo zinaringa. Dereva wa leo aliniahidi saa mbili asubuhi, kaja saa tano. Mwenye shughuli Ilala kanipigia simu karibu analia. Hapa Mchafukoge nakodisha masufuria, masinia na mikeka, lakini jina langu liko mikononi mwa madereva wa watu. Siku moja watanimaliza.

Jioni kapiga Seif. Miaka saba tangu aniache, hupiga kwa ajili ya binti yetu Thuraya tu. Leo kaniulizia mimi. Anauza pikapu, kasikia natafuta. Kasikia kwa nani? Nimemwangalia Thuraya, naye kaangalia simu yake.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimekwenda kuiona. Mama sikumwambia.

Ile ile nyeupe. Ndiyo iliyonichukua siku ya harusi. Dirisha la kushoto bado halishuki mpaka ulisukume kwa kiganja. Kilomita laki nne na kumi na mbili elfu. Magari yote niliyotazama mwezi huu yanasoma chini ya laki moja, hata yale ambayo usukani umelika. Hii mita yake hakuna aliyeirudisha nyuma. Seif anasema, "Mita sijaigusa. Si unanijua."

Namjua. Ndiyo tatizo. Mita hiyo hiyo ndiyo iliyoniambia habari za Tanga. Alikuwa akiniaga anakwenda Bagamoyo kufuata mzigo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia kilomita, tujue siku ya kubadilisha oili. Bagamoyo haina kilomita zile. Tanga kulikuwa na mke, na nyumba. Gari ilisema kweli, mwenye gari akadanganya. Sasa wote wawili wamenijia pamoja, na mimi sijui namsikiliza nani.

Jumamosi, 6 Septemba
Fundi Chande wa Gerezani kaikagua. Kalala chini yake nusu asubuhi, kaiwasha, kaizima, kaisikiliza kama daktari. "Dada Salha, mashine nzima. Klachi itakudai mwakani, basi. Huyu jamaa kaitunza balaa."

Nilidhani nitafurahi. Nimepata uchungu. Kumbe kutunza anajua.

Mama nimemwambia. Kasema neno moja, akarudi kwenye tasbihi yake: "Ukinunua gari ya Seif, umemnunua na Seif." Thuraya anasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Misemo ya kizee kaitoa wapi mtoto huyu? Na yeye anataka gari au anamtaka baba? Sijui. Hata mimi sijui nataka nini.

Jumapili, 7 Septemba
Niliomba niijaribu na mzigo. Maulidi Kisutu. Seif kaja mwenyewe, mapema. Kapanga masufuria madogo ndani ya makubwa na kuweka mikeka katikati yasigongane, vile vile ninavyotaka, sijamwambia kitu. Nikamwomba usukani. Leseni ninayo, nimeipata baada ya talaka. Kwenye ndoa hakuwahi kuniachia hata kuiegesha. Kacheka tu. Nikakaa mbele, kushoto.

Tumefika kabla ya mpishi! Haijawahi kutokea.

Pale kuna bibi anayenijua tangu udogo. Nikamwamkia, akatushika mikono wote wawili. "Alhamdulillahi, wanangu, mmerudiana." Nilitaka kukana, sikukana. Seif naye anatabasamu. Najichukia kwa kunyamaza kule. Na nilikuwa na furaha. Yote mawili, kwa wakati mmoja.

Jumanne, 9 Septemba
Nilimwambia niko tayari, tupatane bei. Kasema bei ya nini. Nichukue gari, yeye ataiendesha, shughuli zangu zitakwenda, na nikiridhia atamwendea ami yangu kuniposa upya. Tanga kumekwisha, anasema. Wameachana zamani. Hana kitu kule, hata shati.

Leo nimempa mteja masinia ya mwingine. Chai nimeitia chumvi. Nikikataa, narudi kusubiri kirikuu barabarani na kutukanwa na wapishi. Nikikubali, nimekubali nini hasa? Nimeswali istikhara, Mungu anionyeshe njia. Nimeota masufuria.

Jumatano, 10 Septemba
Hakuna jipya. Naikataa. Asubuhi.
Jioni naitaka tena.

Ijumaa, 12 Septemba
Baada ya swala ya Ijumaa nimemwita dukani. Nimemwambia nalipa bei kamili, mbele ya mjumbe wetu wa mtaa, tuandikishane, nikabidhiwe kadi ya gari na funguo zote. Habari ya posa ina siku yake. Ukweli ni kwamba hata hiyo posa nilikuwa nusu nimeshaikubali. Naandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi na mtu.

Kakubali shingo upande. Kadi kaitoa. Ufunguo mmoja kauweka mezani. Nikauliza wa akiba.

"Uko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Tanga. Kabatini. Jumapili nikifika nitauchukua."

Kalisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja alikoacha viatu. Mjumbe akaendelea kuandika. Mimi nikasikia wepesi, kama nimetuliwa gunia. Nikahesabu fedha mbele yao, nikamkabidhi. Nikamwambia ule ufunguo auache huko huko kabatini, na kwa ami asiende. Hapo ndipo alipokisikia alichosema.

Nimelia bafuni. Si sana. Gari haina kosa lolote.

Jumatatu, 15 Septemba
Fundi Chande kabadilisha kitasa cha kuwashia na vya milango. Funguo mpya mbili. Mmoja ninao. Wa pili nimempa Mama. Kauangalia, kaufunga kwenye pindo la kanga yake, akaniuliza kama nimekula.

Thuraya kauliza kama baba yake atakuwa anakuja kutuendesha. Nimemwambia baba yake ni baba yake siku zote, ila dereva ni mimi. Kanuna. Ana haki ya kununa. Baadaye kashuka mwenyewe kunisaidia kupakia, maana kesho kuna maulidi Upanga.

Gari nimeileta mwenyewe kutoka Gerezani. Imenizimikia mara mbili njiani, wasukuma mikokoteni wakanizomea. Dirisha la kushoto bado. Nilipofika mlangoni nikaangalia kilomita kabla ya kuzima, mazoea hayo. Zimeongezeka mbili. Gerezani mpaka hapa. Nazijua zote mbili.