Mwanamume Aliyeandika Maneno Yetu

Mjukuu wangu Ketia,

Nakusalimia kutoka Mutanga. Mama yako ni mzima, anakuombea kila siku.

Unauliza kama katika kuongoza michezo ya kuigiza na filamu kuna jambo ninalojutia. Lipo. Tulipokuwa tukifanya mazoezi ya mchezo wangu wa kwanza, mtaani Kamenge, mwanamume mmoja alikaa nyuma kila siku akiandika maneno yetu. Nikamdhania mpelelezi wa serikali. Kwa woga nikaondoa sehemu ya mama anayemtafuta mwanawe aliyechukuliwa na askari, iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Siku ya onyesho nikamkabili. “We, unamuandikia nani?”

“Muke wangu, shefu. Hasikii. Atafuata kwa kusoma.”

Onyesho likiendelea, mkewe alisoma hadi sehemu niliyoiondoa, akainua macho kumsubiri yule mama. Hakutokea.

Hata leo nawashuku wageni wanaoandika, Ketia. Lakini nauliza kwanza.

Babu yako