Mstari kwenye Nafasi ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Wamekuja wote wawili baada ya chakula cha mchana, binti yangu na Fundi wake, wakakaa kwenye kochi wamebanana kama watu wenye jambo. Nikasema moyoni: leo hatimaye. Miaka minane wanaishi nyumba moja, mtoto ana miaka sita, wa pili yumo tumboni. Leo wamekuja kunitajia siku ya ndoa.

La. Wamekuja kuniambia wanaandika wosia!

Cheti cha ndoa kimewashinda, karatasi za kufa wanaziwahi. Niliuliza kama ni mzaha. Binti akasema daktari amepanga ajifungue kwa upasuaji tarehe 18. Mara ya kwanza alitokwa na damu nyingi, akalazwa siku kumi na moja. Safari hii anataka kila kitu kiwe kimeandikwa: nani atamlea mtoto, nyumba itakuwa ya nani. Nikamwambia ndoa ingeyamaliza hayo yote kwa saini mbili. Akajibu kwamba hataki kuolewa kwa sababu ya hofu. Maneno ya redioni hayo.

Fundi (anatengeneza majokofu, na harufu ya gesi haimtoki hata siku ya mapumziko) alikunywa chai yangu, akasema, "Usihofu, Mama, na wewe tumekuandika. Utarithi friji."

Binti alicheka. Mimi sikucheka. Na sijui ni nani aliyempa ruhusa ya kuniita Mama.

Jumatano, 6 Machi

Nimeandamana nao kwa wakili. Ofisi iko juu ya duka la vioo, ngazi hazina hata pa kushika, na mjamzito anazipanda. Wakili mwenyewe ni msichana aliyevaa viatu vya raba. Akakichukua cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu, akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Baba yuko wapi hapa?"

Kwenye nafasi ya jina la baba kuna mstari. Basi.

Fundi akasema ni uzembe wa makarani. Siku zile yeye alikuwa mbali, anafunga vyumba vya baridi kwenye kiwanda cha samaki, na mzazi yuko wodini na homa. Waliporudi nyumbani walikuta cheti kimeshatoka hivyo. Wakasema watarekebisha. Hawakurekebisha.

Wakili akatueleza polepole, kama watu wasiojua kusoma. Mama akifariki, mwanamume huyu mbele ya sheria ni mpangaji mwenzake tu. Atakwenda mahakamani kuomba apewe mtoto aliyemzaa mwenyewe. Baba akifariki, ndugu yake yeyote anaweza kusimama na kusema mtoto si wa kwao. Wosia unaosema "mwanangu", ilhali cheti hakimtaji baba, ni kumpa mpinzani fimbo ya kukuchapia. Kwanza cheti, kisha wosia.

Sheria gani hii? Mtu anamsuka mtoto nywele kila Jumapili, vibaya, lakini anamsuka. Anajua jino lipi linalegea. Leo aambiwe yeye ni mpangaji!

"Fomu aliipeleka nani?" wakili akauliza.

"Mama," binti akajibu.

Wakanitazama wote. Nikasema ndiyo, niliipeleka. Ni kweli niliipeleka.

Jumamosi, 9 Machi

Sijatulia tangu mchana. Nilikuwa kwao nikikunja nguo za kichanga, akaingia kaka yake Fundi, dalali wa magari, funguo zinalia kiunoni. Amesikia habari za wosia. Hakuketi. Alisema nyumba ile imejengwa kwenye kiwanja cha baba yao, na haiwezi kwenda kwa mtu ambaye hata cheti chake kinakataa kwamba ana baba. Mtoto yuko hapo hapo sakafuni, anapaka rangi.

Fundi alimwambia, "Kaka, nenda nje ukapoe. Mimi leo sitengenezi injini iliyochemka."

Mimi sikuwa na mzaha. Nilisimama. Nilimwambia mtoto huyu ana pua yako wewe, na hilo ndilo kosa pekee alilozaliwa nalo.

"Pua haisajiliwi, Bibi," akanijibu. "Nani aliyeandika kwamba hana baba? Si sisi. Ni huko kwenu."

Nikarudi kwenye nguo za kichanga.

Alipoondoka, mtoto aliniuliza kama yeye ana baba au hana. Nikamwonyesha Fundi. Akasema, "Huyo namjua. Nauliza kwenye karatasi."

Jumapili, 10 Machi

Niandike hapa, kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Mstari ule niliupiga mimi.

Miaka thelathini na mmoja nilisahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, kiwandani kwa wapiga chapa. Tulifundishwa kwamba nafasi tupu haiachwi wazi kwenye karatasi rasmi, kwa sababu mtu mwingine ataijaza. Inapigwa mstari kwa rula. Siku ile karani aliniuliza jina la baba. Nikamjibu kwamba hakuna ndoa. Akasema hakuuliza ndoa, aliuliza baba. Mtoto mdogo vile kunisahihisha mimi! Nikafungua mkoba, nikatoa rula, nikapiga mstari kwa wino mweusi, nikasaini.

Nilidhani wakiuona wataona aibu, watafunga ndoa, na tutaandika upya kwa utaratibu. Hawakuona aibu. Wakamlaumu karani. Nami nikawaacha wamlaumu. Miaka sita nimesikia akitukanwa mezani, nimepitisha sahani.

Hata hivyo wangefunga ndoa, haya yasingetokea. Hilo nalisema na nitalisema.

Jumatano, 13 Machi

Wakili amepiga simu. Msajili atarekebisha cheti kabla ya Jumatatu, lakini anataka kiapo cha aliyetoa taarifa, kinachoeleza kwa nini jina la baba halikuandikwa. Kitalinganishwa na fomu ya asili. Fomu imepatikana! Ofisi za umma hazijawahi kuliona faili la mtu. Pensheni yangu waliitafuta miaka miwili. Hili wamelipata kwa siku tatu.

Nikaenda kwa binti nimekusudia kumwambia. Amelala ubavu, miguu imevimba mpaka viatu vya Fundi ndivyo vinavyomtosha. Akanipa rasimu ya wosia niisome, kama kawaida, nitafute makosa. Ukurasa wa pili: iwapo wazazi wote wawili watafariki, mlezi wa watoto ni mimi. Nikamwambia nimezeeka.

"Wewe ndiye tuliyekubaliana bila kugombana," akasema. "Fundi ndiye aliyekutaja kwanza. Alisema Mama ni mkali, lakini kitu chochote kikiwa karatasini mkononi mwake, kiko salama."

Nikavaa miwani nikasoma mpaka mwisho. Hakukuwa na kosa hata moja.

Fundi alipoingia alikuwa na furaha. "Kesho tutalijua jina la yule karani mzembe. Nitampelekea friji bovu kama zawadi."

Nikasema nachelewa. Nilikuwa sichelewi popote.

Alhamisi, 14 Machi

Ofisi ya msajili. Naandika juu ya goti. Tumekuja wawili, mimi na Fundi; binti amekatazwa kutembea. Benchi limevunjika mguu mmoja, limewekewa matofali. Ukutani tangazo la kukataza kelele limebandikwa kichwa chini na hakuna aliyejali. Namba yetu ni 47. Wanahudumia ya 43.

Nina karatasi ya kiapo. "Eleza kwa nini jina la baba halikuandikwa." Wameacha mistari mitatu. Wakili amenisaidia kwa penseli: "Kwa bahati mbaya, wakati wa msongamano wa kazi." Anadhani ananifanyia hisani. Hapakuwa na msongamano. Ilikuwa siku ya mvua, tulikuwa watu wawili tu, mimi na karani.

Nimefuta kwa raba.

Fundi ameninunulia maji. Ananieleza, bila kuulizwa, kwamba akisharudi na cheti atakitia fremu, akitundike sebuleni mahali ambapo kaka yake hukaa. Ameuliza kama naumwa. Nimesema mwanga wa humu ni mbaya.

44. Mama mmoja ametoka analia, hakuna aliyemwuliza kitu. Hivi ndivyo ofisi za umma zinavyoendeshwa!

Kupitia dirishani namwona karani. Ni yule yule. Ameanza kuota mvi. Mbele yake kuna faili moja, jembamba, na amelifungua. Anatazama ndani, kisha ananitazama. Amenikumbuka.

45.

Nimeandika "Mimi." Wino mweusi. Neno la pili ndilo gumu. Fundi ananyoosha shingo. Nimefunika kwa kiganja, kama mwanafunzi. Akasema, "Andika tu, Mama, sikuibii." Kisha akageukia ukuta ili nisione haya.

46. "Mimi ndiye niliyepiga." Imebaki mistari miwili na nusu. Kuna nafasi ya kueleza habari ya ndoa, na utaratibu wa nafasi tupu, na malezi. Naweza kuijaza yote. Nimeshika kalamu.

Karani amefungua mlango mwenyewe, faili kwapani. Fundi amesimama, amenishika kiwiko aniinue, na anamwambia kwa sauti, watu wote wanasikia: "Huyu ndiye mama mkwe wangu. Yeye ndiye atakayekueleza kosa lenu."