Usiku Ambao Sikusikia Honi

Jumatano, kitandani, saa tatu usiku haijafika

Sita nukta nane asubuhi ya leo! Nimepima mara mbili maana ya kwanza sikuiamini, nikapoteza stripu nzima ya kupimia kwa furaha. Mwezi huu wote sukari yangu ya asubuhi ilikuwa kumi na kitu, na dawa nameza, na ugali nimepunguza.

Nesi wa kliniki alishaniuliza, "Mama, unalala masaa mangapi?" Nikamjibu saba, bila haya. Saba! Mimi ambaye kila basi la usiku likipiga honi hapa Ilula naruka kwenda kuuza, beseni la nyanya kichwani, na nikirudi kitandani usingizi umeshakwenda Mbeya na abiria.

Jana wifi yangu alininyang'anya beseni. "Wewe lala. Nyanya hazina kisukari, wewe unacho." Nikalala tangu saa tatu mpaka jogoo wa jirani alipowika, sikusikia hata honi moja. Nimeamka nacheka peke yangu kama mwehu.

Kilichoniudhi ni kwamba kauza zote, hata zilizolainika ambazo mimi huwa narudi nazo. Eti mimi nauza nimenuna!

Najua namba ya siku moja si kupona. Macho yangu yenye ukungu bado yananitia hofu, na nesi itabidi nimwambie ukweli.

Sasa hivi basi limepiga honi. Miguu yote miwili imeshagusa sakafu, jamani, yenyewe tu.

Nimeirudisha kwenye blanketi.