Nyumba Yako Iliyoanguka Katito

Dunga,
Kisumu.
Jumamosi, 2 Mei 2026

Mpendwa kaka Absalom,

Nyumba yako pale bomani Katito ilianguka Jumapili, tarehe 12 Aprili, mvua ikinyesha. Ukuta wa mlangoni ulitangulia, mabati yakafuata. Hakuna aliyeumia.

Sasa nikusalimu. Hujambo, omera, ndugu yangu? Ule mguu uliokuwa unavimba umepona? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, na bado anakubakishia kichwa cha samaki. Kesho yake nakila mimi, lakini hakinishuki vizuri.

Wesonga wa Sondu amerudi. Aliingia jeshi hilo la ugenini ulimo miezi minane baada yako, na ameachiliwa kabla yako. Mimi si mtu wa kushindwa na hesabu, lakini hiyo imenishinda. Vita viliisha Januari. Mnalinda nini? Anasema mlivua viatu mkavipanga mlangoni kwa mkubwa wenu, mkakataa gwaride mpaka mruhusiwe kurudi nyumbani, na wewe ulikaa mbele. Nilijivunia. Halafu akaongeza kwamba anayekubali mkataba wa mwaka mwingine anasamehewa adhabu ya mgomo huo. Hapo chai ikanipoea mkononi.

Baba mdogo Opondo alikuja kuangalia kifusi. Unajua mdogo hatangulii mkubwa kujenga. Akaniambia, "Dishon, simika nguzo moja kwa jina la kaka yako, kisha jenga yako. Mbao zako zitaoza."

Mama akamjibu kutoka jikoni: "Mtu husimikiwa nguzo akiwa hayupo kwa sababu amekufa. Wangu hajakufa, amevua viatu tu."

Mzee akaomba maji.

Mbao hizo nilizipata kwa kuunda mashua za watu, hakuna aliyenishika mkono. Zimelala chini ya turubai msimu wa pili. Zilale. Nguzo ya kwanza utaikata wewe. Jioni nikifunga kazi hapa ufuoni, mtu akipiga mluzi kama wako, bado nageuka.

Mama anakusalimu, na baba mdogo pia, na dada yetu Akello, ambaye atapiga barua hii picha akutumie kwa simu. Mungu akufungulie lango hilo akulete nyumbani na miguu yote miwili.

Simu mnarudishiwa Jumapili tu, kwa hiyo nijibu kesho kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa neno moja: umetia sahihi mkataba huo, au hujatia?

Mdogo wako akupendaye,
Dishon